Kuchagua kipoozeo cha prosesa kisichopiga kelele: mwongozo kamili

Kazi yangu ni kuhariri sauti. Wasimulizi huja kurekodi kwenye chumba kimoja huku Tabata, godoro limeegemezwa ukutani kuua mwangwi, kompyuta iko kama mita moja na nusu kutoka kwenye maiki. Bodaboda nimezizoea, maana hupita zikaisha nasi tukarudia sentensi. Kilichonitesa ni feni ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Msimulizi anavuta pumzi, anaanza, mara feni inapanda vuuuu, inashuka, inapanda tena. Mvumo usiobadilika programu ya kuhariri inaweza kuupunguza. Huu wa kupanda na kushuka unaacha makovu kila mahali.

Kwa miaka sita nimefunga vipoozeo vinne, na viwili kati ya hivyo nilivinunua kwa kukosea. Haya ndiyo ningependa mtu angeniambia kabla sijatoa hela. Nikisema kipoozeo nina maana ya lile bonge la chuma pamoja na feni yake linalokaa juu ya prosesa. Ukifika dukani sema "feni ya prosesa", mtaelewana haraka zaidi.

Hatua ya 1: Mkamate mkosaji kwanza

Ndani ya kasha moja la kompyuta kunaweza kuwa na feni tano au sita, na sikio peke yake hudanganyika. Chukua karatasi ya A4, ikunje iwe bomba, tia ncha moja sikioni na nyingine isogeze taratibu mbele ya kila feni bila kuigusa. Ni njia ya kitoto lakini inafanya kazi. Diski ya kuzunguka hunguruma na kukwaruza. Pawa saplai hupuliza kutoka kwenye kona yake. Kadi ya michoro huamka ukicheza gemu au ukitoa video. Feni ya prosesa utaijua kwa tabia: unafungua kurasa kadhaa za intaneti, inapanda kwa sekunde chache, inatulia, unafungua nyingine, inapanda tena.

Ukishahakikisha ni yenyewe, bado usikimbilie dukani. Ondoa ubavu wa kasha uitazame. Kama vumbi limefunga kati ya mapezi ya alumini (vile vibati vyembamba vya kipoozeo) mpaka limekuwa kama blanketi, au kama pesti (ile krimu ya kupitisha joto) kati ya prosesa na chuma imekauka ikawa unga, usafi na pesti mpya ya bei ndogo huenda vikamaliza shida. Feni inayokwaruza hata ikizunguka polepole, hiyo beringi yake imekwisha, na hakuna kusafisha kutakakoirudisha.

Hatua ya 2: Elewa utulivu unatoka wapi

Fikiria pangaboi la sebuleni na feni ndogo ya mezani. Pangaboi lina mapanga marefu, linazunguka taratibu, upepo unajaa sebule nzima na watu wanaongea kwa sauti ya kawaida. Feni ndogo, ili ikupe upepo ule ule, lazima ivume. Ndani ya kompyuta mambo ni hayo hayo. Kifeni kidogo kinachokuja bure na prosesa hufikia karibu mizunguko 3,000 kwa dakika kikibanwa. Feni ya milimita 120 kwenye mizunguko 900 hivi unaisikia ukiitegea sikio tu, na ya milimita 140 ni nafuu zaidi.

Hesabu yenyewe inafurahisha. Ukipunguza kasi ya feni kwa nusu, upepo nao unapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takribani desibeli 15. Sikio la binadamu huhesabu desibeli 10 kuwa ni nusu ya kelele. Kwa hiyo unapoteza nusu ya upepo, ila unaondoa zaidi ya nusu ya kero. Ule upepo uliopotea unaulipia kwa chuma: mapezi mengi zaidi, mabomba mengi zaidi.

Mabomba hayo ya shaba yana maji kidogo ndani, yamefungwa bila hewa. Upande wa prosesa maji yanageuka mvuke, mvuke unakimbilia juu kwenye mapezi, unapoa, unarudi kuwa maji na kushuka kupitia utambi uliowekwa kwenye kuta za bomba. Ni kama mfuniko wa sufuria ya wali unavyodondosha matone, isipokuwa huku mzunguko hausimami. Kadiri mabomba yanavyokuwa mengi na mnara wa mapezi mkubwa, ndivyo feni inavyoweza kuzunguka kivivu.

Ndiyo maana silipi hela ya ziada kwa neno "kimya" lililoandikwa kwenye boksi. Hata namba za desibeli za kwenye boksi siziamini sana, kwa sababu kila kiwanda hupima kwa umbali wake, na wengine huipima feni ikiwa hewani bila mapezi mbele yake. Ninatazama ukubwa wa mnara, idadi ya mabomba na kipenyo cha feni.

Hatua ya 3: Prosesa yako inakula wati ngapi?

Namba kubwa inayotangazwa huficha mambo. Prosesa ya Intel Core i5-12400 imeandikwa wati 65, lakini ikiachiwa kukimbia Intel wenyewe wanaipa hadi wati 117. Ryzen 5 5600 ya AMD nayo ni ya wati 65 kwa jina, ila mpaka wake wa umeme uko juu ya hapo. Core i9-13900K imeandikwa 125 na inaruhusiwa kufika 253, ambayo ni balbu kubwa mbili na nusu za zamani zikiwaka juu ya kipande cha ukubwa wa biskuti. Tafuta ile namba ya juu.

Chini ya wati 90, mnara mmoja wenye mabomba manne na feni ya milimita 120 unatosha kabisa. Hapa ndipo walipo DeepCool AK400, Thermalright Assassin X 120 SE, Arctic Freezer 36 na mkongwe Cooler Master Hyper 212. Kati ya 90 na 180 nunua mnara wa mapacha (minara miwili ya mapezi kwenye kipoozeo kimoja) wenye mabomba sita. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ndiyo iliyoharibu soko kwa watu wa bei ghali, maana Marekani huuzwa kwa takribani dola 35 na inakaribia vile vya dola 100. Juu ya hapo uko kwenye uwanja wa Noctua NH-D15 na be quiet! Dark Rock Pro, au vipoozeo vya maji vyenye rejeta kubwa.

Mimi huongeza daraja moja. Mwenye i5-12400 anayetaka kurekodi sauti, ningemshauri achukue mnara wa mapacha hata kama mmoja ungetosha kupoza. Kutosha kupoza na kutosha kunyamaza ni vitu viwili.

Halafu kuna suala la chumba. Majaribio mengi unayoyaona mtandaoni hufanywa kwenye vyumba vya nyuzi 21 hadi 25. Chumba changu mwezi wa pili hufika 32, na kiyoyozi sikiwashi nikirekodi kwa sababu nacho kinavuma. Kila nyuzi moja chumba kinayopanda, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi moja. Ukiona kwenye jaribio prosesa ilifika 70, Dar es Salaam hesabu 80. Wenzetu wa Nairobi na Mbeya wana kisa chao: huko juu, karibu mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kiasi cha sehemu moja ya sita, kwa hiyo feni ile ile inabeba joto pungufu. Ila baridi ya huko inawafidia, hawana sababu ya kulalamika.

Hatua ya 4: Chukua rula

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilinunua kipoozeo cha urefu wa milimita 165 kwa kasha linalobeba 155. Sentimita moja tu. Kwa miezi miwili kompyuta ilikaa ubavu wazi kama duka lisilo na mlango, vumbi likaingia, na kelele zote za ndani zikatoka nje.

Urefu wa kipoozeo huhesabiwa kuanzia juu ya prosesa. Kama kasha lako lina karatasi ya maelezo, tafuta urefu wa juu wa kipoozeo unaoruhusiwa. Kama huna, na kasha nyingi za mtaani hazina, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, ilaze chali, simamisha rula ya shule juu ya madabodi (bodi kuu ya kompyuta) karibu na prosesa, soma mpaka ukingo ambapo ubavu unafungia. Ondoa milimita 8 za soketi (kiti cha prosesa kwenye madabodi) na prosesa yenyewe, kisha ondoa 3 nyingine za usalama. Kilichobaki ndicho kikomo chako.

Kwa kulinganisha: Assassin X 120 SE ina milimita 148, AK400 na Peerless Assassin 120 SE zina 155, NH-U12S ya Noctua ina 158, AK620 ina 160, NH-D15 ya mwaka 2014 ina 165 na mrithi wake wa 2024 ana 168. Kwa kasha nyembamba kuna vya kulala, kama NH-L9i yenye milimita 37 tu, lakini hivyo ni vya prosesa zisizo na njaa. Ukikibebesha wati 117 kitapiga kelele kuliko kile ulichokitoa.

Tazama na rami zako, vile vipande vya kumbukumbu vilivyosimama kando ya prosesa. Zile zenye mapambo marefu na taa hugongana na feni ya mbele. NH-D15 ikiwa na feni zake mbili inaacha milimita 32 tu chini ya feni hiyo. Unaweza kuipandisha feni juu kidogo, lakini ukiipandisha, urefu wa jumla nao unapanda na unarudi kwenye tatizo la ubavu.

Hatua ya 5: Soketi, na jibu la "inaingia zote"

Kosa la pili nusu ni langu. Nilikuwa Kariakoo.

"Kaka, hii ina vyuma vya kufungia 1700?"

"Inaingia zote hiyo, bosi."

Nikafika nyumbani, nikafungua, matundu yamepishana na ya madabodi. Soketi za Intel LGA 1156, 1155, 1150, 1151 na 1200 zina matundu yaliyoachana kwa milimita 75. LGA 1700 iliyokuja 2021 imeachana kwa 78, na LGA 1851 imefuata hiyo hiyo. Milimita 3 ni kidogo kwa macho, ila skrubu haisamehe. Muuzaji akikuambia inaingia zote, mwombe afungue boksi akuonyeshe vyuma vyenyewe na karatasi iliyoandikwa namba ya soketi yako. Asipotaka kufungua, nenda duka la pili.

Kwa AMD mambo ni mepesi kidogo. Soketi zake za AM4 na AM5 zina matundu yale yale, ila kwenye AM5 bamba la nyuma ya madabodi halitoki, kwa hiyo kipoozeo kinachokuja na bamba lake cha AM4 hakitafunga. Wenye Noctua wana neema moja: kampuni hutoa bure vifaa vya soketi mpya kwa mwenye risiti, ndiyo sababu vyao vya mtumba bado vina thamani.

Neno kwa wenye kompyuta za ofisi za mtumba, zile OptiPlex na EliteDesk zilizojaa maduka. Nyingi zina madabodi ya umbo la kiwanda chake, matundu yanayoshikana na bati la kasha, na plagi ya feni isiyo ya kawaida. OptiPlex nyingi zina pini tano. Ukichomoa feni ya asili, kompyuta ikiwaka inakulalamikia kwamba feni imekufa na kukutaka ubonyeze kitufe. Mdogo wangu aliniletea mojawapo akitaka mnara. Nilimsafishia, nikabadilisha pesti, nikamwambia abaki na hela yake. Sauti ilishuka vya kutosha kwa mtu anayeandika ripoti.

Hatua ya 6: Feni yenyewe

Chukua yenye plagi ya pini nne. Pini ya nne ndiyo inayopeleka amri ya kasi, na feni inaweza kushuka hadi mizunguko mia chache bila kukwama. Ya pini tatu huendeshwa kwa kupunguza volti, na madabodi nyingine hazijui kufanya hivyo kwenye plagi ya prosesa, kwa hiyo feni inazunguka kwa nguvu zote mchana kutwa.

Upande wa beringi, za mafuta yenye mgandamizo hudumu na hukaa kimya. Zile za bei ya chini kabisa huanza vizuri, kisha baada ya mwaka wa joto na vumbi zinaanza kulia kama panya. Uzuri wa minara mingi ni kwamba feni imeshikwa kwa klipu za waya tu. Ikichoka unanunua nyingine ya milimita 120, chuma kinabaki miaka na miaka.

Na vya maji? Kwa prosesa ya wati 200 na kuendelea, sawa. Chini ya hapo unaongeza pampu inayovuma muda wote, na mvumo wa pampu ni mwembamba na mkali, maiki inaupenda. Feni ikifa unatumia elfu kadhaa. Pampu ikifa unanunua chombo kizima.

Hatua ya 7: Kufunga

Kama una AM4, washa kompyuta dakika kumi kwanza ili pesti ilainike, kisha zima, chomoa umeme, na kabla ya kuinua kipoozeo cha zamani kizungushe kushoto na kulia kidogo kidogo. Ukikivuta moja kwa moja kinaweza kung'oka na prosesa ikiwa imening'inia chini yake, pini zimepinda. Kwa Intel na AM5 prosesa imebanwa na fremu ya chuma, hofu hiyo haipo.

Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti. Weka pesti mpya ukubwa wa punje ya mbaazi katikati. Geuza kipoozeo ukitazame chini: kama kuna karatasi ya plastiki, ibandue. Nimeitwa nyumba za watu wawili ambao kompyuta zao "zinachemka hata na kipoozeo kipya", na kote nimekuta ile karatasi bado iko.

Kaza skrubu kwa zamu, mizunguko miwili huku, miwili upande wa pili, mpaka zigome zenyewe. Ukikaza upande mmoja wote kwanza, chuma kinainama na pesti inakimbia. Feni ipulize kuelekea nyuma ya kasha. Upande wenye mikono inayoshika mota ndiko upepo unakoelekea. Waya uchomeke kwenye plagi iliyoandikwa CPU_FAN, si nyingine.

Hatua ya 8: Ishushe feni mwenyewe

Watu wengi huishia kufunga, na hapa ndipo nusu ya utulivu ilipo. Mipangilio ya kiwandani huihofia prosesa kama mama mwenye mtoto wa kwanza. Ingia kwenye bayosi (mipangilio ya madabodi inayofunguliwa kompyuta inapowaka), tafuta mchoro wa kasi ya feni ya prosesa. Wangu uko hivi: mpaka nyuzi 60 feni ibaki asilimia 35, nyuzi 70 iwe 45, nyuzi 80 iwe 65, nyuzi 90 iwe 100. Mstari uwe mlalo kabisa pale chini, usipande pole pole kuanzia nyuzi 40, kwa sababu Dar es Salaam prosesa isiyofanya kitu inakaa 45 na itakuwa inachezea mteremko siku nzima.

Kisha tafuta mpangilio wa kuchelewesha. Prosesa za kisasa hupanda nyuzi 15 hadi 20 ndani ya sekunde moja ukifungua programu, halafu zinashuka. Chuma chenyewe hakijapata joto bado, ila feni imeshaamka. Ukiiambia isubiri sekunde kadhaa kabla ya kupanda, ile vuuuu ya ghafla inatoweka. Kwangu mpangilio huu mmoja ulifanya kazi kuliko kipoozeo cha tatu.

Ukitaka zaidi, punguza umeme wa prosesa. Kwenye Intel ni zile namba za PL1 na PL2 (mipaka ya wati ya muda mrefu na ya muda mfupi), kwenye Ryzen ni Eco Mode. i5-12400 yangu nimeifunga wati 65. Kutoa faili refu la sauti kumeongezeka kwa muda ninaoutumia kunywa funda moja la chai.

Jaribu kwa Cinebench, programu ya kuibana prosesa, dakika kumi huku programu ya HWiNFO ikikuonyesha joto, mlango umefungwa, saa nane mchana, chumba kikiwa na joto lake la kweli. Ikibaki chini ya 85 uko salama na unaweza kuishusha feni zaidi. Intel nyingi hujipunguza zenyewe zikifika 100. Ryzen za mfululizo wa 7000 zimeundwa kufika 95 zikibanwa, usishtuke. Halafu rekodi nusu dakika ya ukimya kwa maiki yako, ulinganishe na ile ya zamani. Sikio husahau, faili halisahau.

Baada ya hapo ni kupuliza vumbi kila miezi mitatu, ukiwa umezuia panga la feni kwa kidole ili lisizungushwe na upepo wa blowa. Na kama kompyuta inasafiri kwa basi kwenda Mwanza, fungua mnara utoe, uufunge peke yake kwenye boksi lake. NH-D15 ina uzito wa kilo 1.3, na kilo 1.3 iliyoning'inia kwenye madabodi njia nzima yenye matuta inaweza kuipasua kabla hamjafika Singida.